Lucius Annaeus Seneca: Maisha ya Mtu Aliyejizoeza Kupoteza

Miongoni mwa wanafalsafa wa Roma ya kale, ni wachache walioandika kwa wingi kuhusu namna ya kuipokea misiba kama Lucius Annaeus Seneca, na ni wachache vilevile waliopatwa nayo kwa kiasi chake. Alizaliwa Cordoba, kusini mwa Hispania, yamkini mwaka wa 4 K.K., katika ukoo wenye mali. Babake, aliyeitwa pia Seneca, alikuwa mjuzi wa balagha asiyeipenda sana falsafa. Dada ya mamake ndiye aliyembeba hadi Roma angali mtoto mdogo, na huko ndiko alikosomeshwa.

Mwalimu aliyemwathiri zaidi ni Attalus, mfuasi wa falsafa ya Ustoiki. Kutoka kwake kijana huyu alijifunza kulalia godoro gumu, desturi aliyoishikilia hadi uzeeni. Hata hivyo, mwili wake ulikuwa dhaifu. Pumu na homa za mara kwa mara zilimkondesha kiasi cha kufikiria kujiua, na kilichomzuia ni kumwonea huruma babake mzee. Aliuguziwa Misri, ambako mume wa mama yake yule mlezi alikuwa gavana kwa miaka 16. Katika safari ya kurejea Roma gavana huyo alifia baharini. Chombo kilipokumbwa na dhoruba, mjane wake hakujali uhai wake mwenyewe, bali alihakikisha kwamba maiti ya mumewe haikupotea. Seneca hakukisahau kisa hicho, na katika maandishi yake bahari na vyombo vinavyovunjika hutajwa tena na tena.

Aliingia katika siasa, akasifika kwa usemaji. Sifa hiyo ilimchukiza Kaisari Caligula, na inasimuliwa kwamba Seneca aliponea chupuchupu kuuawa kwa sababu mwanamke mmoja wa jumba la mfalme alidai kuwa mgonjwa huyo angekufa karibuni kwa maradhi yake. Mwaka wa 41 B.K., Claudius alipokuwa ameshika utawala, pigo lilifika kwa njia nyingine. Seneca alishtakiwa kwa zinaa na Julia Livilla, dada ya Caligula, akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Corsica. Siku zisizozidi 20 kabla ya kuondoka, mwanawe mchanga alikuwa amefariki mikononi mwa nyanya yake, Helvia.

Ni kwa Helvia, mamake, alikomwandikia kutoka Corsica waraka wa kumliwaza. Hoja yake ni kwamba hakuwahi kuiamini bahati hata ilipomchekea. Mali, vyeo na umaarufu aliviweka mbali kidogo na moyo wake, ili bahati ivichukue pasi na kumrarua. Hoja hii ni nzuri, lakini haina budi kusomwa sambamba na waraka mwingine alioutuma kutoka kisiwa kicho hicho kwa Polybius, mtumwa huru wa Claudius, ambamo anamsifu mfalme kwa unyenyekevu unaomtia msomaji aibu. Aliyedai kutoumizwa na uhamisho aliomba, kwa njia ya mzunguko, arudishwe nyumbani. Alikaa huko takriban miaka 8.

Zoezi alilolitegemea halikubuniwa naye. Wagiriki waliomtangulia walikwisha kusema kwamba pigo lisilotarajiwa huuma zaidi, na kwamba mwenye hekima huyapitia mabaya akilini kabla hayajamfikia. Epicurus alilipinga wazo hilo. Kwake, kuyawaza mabaya ambayo huenda yasije kabisa ni kujitesa bure. Pingamizi hili lina uzito, na Seneca alilijua. Ndiyo maana alitenganisha hofu na tafakuri. Mwenye hofu huyakimbia mabaya anayoyawaza, hivyo hayaoni vizuri. Mwenye kutafakari huyasogelea, akayapima ukubwa wake, kisha akarudi kwenye shughuli zake.

Mafunzo haya yalihusu pia malengo ya kawaida ya binadamu. Katika kitabu chake kuhusu utulivu wa nafsi, Seneca anashauri kwamba kila azimio liambatane na sharti: nitasafiri baharini isipokuwa pazuke kizuizi, nitapata uhakimu mkuu isipokuwa jambo linizuie. Msomaji wa Kiswahili atazikumbuka inshallah za wazee, ingawa kwa Seneca sharti hilo ni kazi ya akili, nayo ilihitaji kufanywa kwa makusudi kila mara. Anayepanga hivyo hafanyi bidii haba. Anachokiepuka ni kujiahidi matokeo yasiyo mikononi mwake.

Kitabu hicho alikielekeza kwa Annaeus Serenus, rafiki wa dhati aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wazimamoto wa Roma. Serenus alikufa ghafla kwa kula uyoga wenye sumu katika karamu, pamoja na maofisa wake. Mwalimu wa kujiandaa akalia kupita kiasi. Miaka baadaye alikiri hilo kwa maandishi, akaeleza na sababu: Serenus alikuwa mdogo kwake kwa umri, na Seneca hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba mdogo angemtangulia, kana kwamba mauti hufuata zamu. Katika maandishi yake yote, pengine hapana mahali panapoonyesha ugumu wa zoezi hili waziwazi kama hapa. Alikuwa ameiwaza dhoruba, umaskini, uhamisho na kifo chake mwenyewe, lakini hakuuwaza uyoga mezani mwa rafiki.

Mwaka wa 49 Agrippina, mke mpya wa Claudius, alimrudisha Roma ili amfunze mwanawe, Nero. Nero alipotawazwa mwaka wa 54, Seneca na Burrus, mkuu wa walinzi, ndio walioziongoza siasa za dola. Utajiri wake ulifikia sesterti milioni 300, na maadui walimuuliza ni falsafa gani iliyomfunza kuchuma kiasi hicho. Kejeli hiyo haikukosa msingi. Doa kubwa zaidi ni la mwaka wa 59, Nero alipoamuru mamake auawe, na Seneca akaandika waraka wa kulihalalisha tendo hilo mbele ya Seneti.

Burrus alipofariki mwaka wa 62, Seneca aliomba kustaafu na kumrudishia mfalme mali yake. Nero alikataa kwa maneno matamu. Seneca akajitenga, akaanza kumwandikia rafiki yake Lucilius barua. Zilizotufikia ni 124. Lucilius alipohofia kesi iliyomkabili, hakumwambia kwamba atashinda. Alimtaka ajifanye amekwisha kushindwa, kisha apime hasara hiyo ni kubwa kiasi gani. Katika msimu wa sherehe za Disemba alimshauri atenge siku chache ale chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ajiulize kama hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Na mji wa Lyon ulipoteketea kwa usiku mmoja, rafiki yao Liberalis, mzaliwa wa huko, alivunjika moyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwazia moto wa kuumaliza mji mzima. Seneca akasisitiza kwamba akili itumwe mbele ya mambo yote, si yale tu yanayotokea kwa kawaida bali hata yanayowezekana.

Mwaka wa 65 njama ya Piso dhidi ya Nero ilifichuka. Ushahidi dhidi ya Seneca ulikuwa hafifu, lakini askari walitumwa nyumbani kwake nje ya Roma na amri ya kujiua. Alinyimwa ruhusa ya kuandika wasia mpya. Marafiki walipolia, aliwakemea akiwauliza yako wapi mafunzo ya miaka mingi ya kujiandaa, na ni nani asiyeujua ukatili wa Nero. Akaikata mishipa yake. Mkewe, Paulina, aliikata yake pia, lakini askari walimwokoa kwa amri ya Nero. Damu ya mzee ilitoka polepole mno. Akaomba sumu aliyokuwa ameiweka tayari tangu zamani, nayo haikufanya kazi. Mwishowe alichukuliwa hadi kwenye hamamu, na mvuke ukamkaba pumzi, mtu ambaye ugonjwa wake wa kifua madaktari waliuita mazoezi ya kufa. Mwili wake ulichomwa bila taratibu zozote za mazishi, kama alivyoagiza katika wasia wa zamani alioandika angali katika kilele cha utajiri na mamlaka yake.