Thabit bin Qurra na Namba 220

Mwaka huu tunawaletea maisha ya mtu aliyeanza kazi kwa kubadilisha fedha sokoni. Thabit bin Qurra alizaliwa katika karne ya 9 Miladia huko Harran, mji ambao leo uko kusini mwa Uturuki. Lugha yake ilikuwa Kisiryani, na Kigiriki na Kiarabu alivijua vizuri. Inasimuliwa kuwa Muhammad bin Musa, mmoja wa ndugu watatu wanahisabati wa Baghdad, alikuwa akirudi kutoka nchi ya Warumi alipokutana naye, akastaajabia ulimi wake na kumchukua.

Tuseme wazi jambo moja ambalo wengi hulipita: Thabit hakuwa Mwislamu. Alikuwa Msabii. Hata hivyo Khalifa al-Mu'tadid alimweka karibu naye, na mwanawe Sinan, aliyekuwa tabibu, alisilimu baadaye. Kazi ya Thabit ya kutarjumu ilikuwa kubwa. Katika kitabu cha Apollonius kuhusu mikato ya pia, sehemu ya 5 hadi ya 7 zimepotea kwa Kigiriki. Dunia inazisoma kwa sababu ya Kiarabu cha Thabit.

Sasa chukueni daftari. Vigawo vya 220, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumla yake ni 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake? 220! Ndiyo maana Waarabu waliziita namba zinazopendana.

Wagiriki waliijua jozi hii kabla yake. Waandishi wa hirizi nao wakaichukua kwa mambo ya mapenzi, na Ibn Khaldun ameitaja habari hiyo katika Muqaddima. (Huku kwetu pia karatasi za namba zinauzwa kwa jina la dawa.) Thabit hakuuliza namba hizi zinamvuta nani. Aliuliza kwa nini ziko hivyo, na kama ziko nyingine.

Akatoa kanuni, na akaithibitisha. Anza na 3, uizidishe kwa 2 mara kwa mara: 6, 12, 24, 48. Shika mbili zinazofuatana, 6 na 12. Punguza moja kila upande, upate 5 na 11. Zidisha 6 kwa 12, punguza moja, upate 71. Zote tatu ni namba tasa, basi 4 × 5 × 11 ni 220, na 4 × 71 ni 284. Hiyo 4 ni 2 mara 2, kwa kuwa 12 ni 3 iliyozidishwa kwa 2 mara mbili.

Kwa 12 na 24 kanuni inakwama, maana 287 ni 7 × 41. Kwa 24 na 48 inapatikana 23, 47 na 1151, zote tasa. Hapa kizidisho ni 16, nazo zinazaliwa 17296 na 18416. Jozi hii al-Farisi aliieleza yapata mwaka 1300, lakini kwa muda mrefu ilihesabiwa ya Mfaransa Fermat, wa mwaka 1636.

Thabit alifariki Baghdad mwaka 901. Mwaka 1866 kijana wa Kitaliano wa miaka 16, Nicolò Paganini, alionyesha jozi ndogo ambayo kanuni ya Thabit haiifikii: 1184 na 1210. Vigawo vyake tumewaachia nyinyi mjumlishe.