Albert Szent-Györgyi na Vitamini Iliyovuliwa Jina

Wasemao kuwa nyota njema huonekana asubuhi hawakumjua Albert Szent-Györgyi utotoni. Alizaliwa Budapest, nchini Hungaria, tarehe 16 Septemba 1893, katika ukoo uliosifika kwa wanasayansi upande wa mamaye. Mihály Lenhossék, kaka wa mama huyo na profesa wa anatomia, hakuona kwa mtoto yule dalili yoyote ya usomi. Alipolegeza msimamo, alimwelekeza achunguze njia ya haja kubwa, kwani mzee mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na bawasiri.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akisomea udaktari. Mwaka 1916, akiwa amechoshwa na maafa aliyoyaona, alijipiga risasi mkononi, akadai kuwa ni ya adui, akarudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata alihitimu.

Umaarufu wake ulianzia Cambridge, Uingereza. Huko alitenga dutu ngeni kutoka katika tezi zilizo juu ya figo, kisha akaikuta katika machungwa na kabichi. Alipotaka kuchapisha matokeo hayo mwaka 1928, dutu haikuwa na jina. Kwa ucheshi wake, alibuni jina lenye kiishio cha majina ya sukari na mzizi wenye maana ya kutojua. Mhariri alilikataa. Akaleta la pili, lililodokeza kuwa Mungu ndiye ajuaye, nalo likakataliwa. Hatimaye ikaitwa asidi ya heksuroniki.

Aliporejea Hungaria, katika Chuo Kikuu cha Szeged, ilithibitishwa mwaka 1932 kuwa dutu hiyo ndiyo vitamini C, kinga ya kiseyeye. Charles Glen King wa Marekani alitangaza jambo hilo hilo mwaka huo, na ubishi kuhusu nani aliyemtangulia mwenziwe haukuisha upesi. Tatizo lilikuwa kuipata kwa wingi, maana sukari iliyomo katika maji ya machungwa na malimau ilitatiza usafishaji. Suluhisho lilitoka mezani: mkewe alimwandalia pilipili hoho nyekundu, naye, kwa kutotaka kuila, akaibeba hadi maabara. Katika majuma machache alikuwa na zaidi ya kilo moja ya fuwele safi.

Usafi huo ndio uliozua kitendawili. Mgonjwa aliyevuja damu kwa udhaifu wa mishipa midogo alikuwa amepona kwa dawa isiyosafishwa vizuri. Vitamini C safi, ilipojaribiwa kwa maradhi ya aina hiyo, haikufaa kitu. Basi kulikuwa na kingine katika ule uchafu. Pamoja na István Rusznyák, Szent-Györgyi alitoa katika malimau mchanganyiko aliouita sitrini, wenye flavonoidi kama vile hesperidini, na mwaka 1936 wakautangaza kuwa vitamini P. Safari hii hakuna mhariri aliyelizuia jina. Pengine angekuwapo, ingefaa. Majaribio ya simbilisi yalipokaririwa, hata na kundi lake mwenyewe, hayakutoa matokeo yale yale.

Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1937 ilihusu uchomaji wa chakula katika seli, hususan vitamini C na asidi ya fumariki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliwapinga Wanazi, akalazimika kujificha. Mwaka 1947 alihamia Marekani, akafanya kazi Woods Hole. Huko ndiko alikokuwa mwaka 1950 wataalamu wa Marekani walipopendekeza jina la vitamini P liachwe, kwa kuwa hapakuwa na ugonjwa uliothibitika kuletwa na upungufu wake. Alifariki huko tarehe 22 Oktoba 1986.

Jina lilikufa, dutu zenyewe zingali zachunguzwa. Hesperidini ya machungwa na naringini iliyalipayo balungi uchungu wake hupatikana zaidi katika nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, ile ambayo walaji wengi huitupa. Baadhi ya majaribio kwa binadamu yameonyesha mishipa ya damu ikitanuka vyema zaidi, mengine hayakuona tofauti. Nchini Ufaransa, hesperidini huchanganywa na diosmini kutengeneza vidonge vya kutuliza maradhi ya vena, na pia yale yaliyomsumbua mzee Lenhossék.