Maisha ya Santiago Ramón y Cajal, Mchunguzi wa Ubongo

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa tabibu wa vijijini, mtu mkali aliyepata elimu kwa taabu nyingi, naye alitaka mwanawe awe daktari. Lakini mtoto alipenda kuchora kuliko kitu chochote, na baba aliona kuchora ni upuuzi. Tena Santiago alikuwa mtundu mno. Akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga wa mbao, akabomoa lango la jirani, akafungwa siku chache. Baba alimweka kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, ili ajifunze adabu.

Mwaka 1868 baba alipata njia nyingine. Alimchukua kijana wake makaburini, wakaokota mifupa, akamfundisha mfupa mmoja mmoja. Santiago aliichora yote kwa furaha. Hivyo mkono uliodharauliwa ukapata kazi, na kijana akaanza kupenda masomo. Alihitimu udaktari huko Zaragoza mwaka 1873, akapelekwa Cuba kuwa daktari wa jeshi. Huko alishikwa na malaria, akarudi kwao mwaka 1875 akiwa dhaifu sana. Baadaye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Valencia. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1885 aliuchunguza ugonjwa huo, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamtunuku hadubini nzuri.

Siku zile wataalamu walibishana juu ya ubongo. Wengi waliamini kuwa neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Mmoja wao alikuwa Camillo Golgi wa Italia, ambaye mwaka 1873 alitangaza njia ya kutia rangi kwa chumvi ya fedha. Kwa njia hiyo seli chache tu hugeuka nyeusi, na matawi yake yote huonekana. Cajal aliiona njia hiyo mjini Madrid mwaka 1887, akaiboresha.

Hata hivyo, ubongo wa mnyama mzima una matawi yaliyosongamana mno. Mtu atakaye kujua jinsi mkeka ulivyosukwa hukaa na mwenye kuusuka tangu miyaa ya kwanza. Cajal naye alichungua vifaranga walio bado ndani ya yai, na wanyama wachanga. Akaona wazi kwamba kila seli ya neva inasimama peke yake. Hugusana na wenzake bila kuungana nao.

Lakini nani angemsikiliza mtu asiyejulikana? Mwaka 1888, akiwa Barcelona, alianzisha jarida kwa fedha zake mwenyewe, ingawa alikuwa na watoto wa kulea. Mwaka 1889 alifunga safari mpaka Berlin, akawaonyesha wataalamu vipande vyake kwa hadubini. Mzee Kölliker, aliyeheshimiwa sana Ujerumani, alitazama, akasadiki. Mwaka 1906 Cajal na Golgi walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na hata wakati huo Golgi aliutetea wavu wake. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha nafasi nyembamba kati ya seli na seli. Cajal alikuwa amesema kweli.

Jambo moja alilichora lakini hakulifumbua. Katika miaka ya 1890 aliona, juu kabisa ya gamba la ubongo wa wanyama wachanga, seli zilizolala kama magogo. Leo huitwa seli za Cajal na Retzius. Sasa twajua kwamba neva nyingi za gamba huzaliwa ndani, kando ya vyumba vya maji vya ubongo, kisha hupanda kwenda nje. Zilizozaliwa baadaye huwapita wakubwa wao na kukaa juu, hata yapatikane matabaka sita. Mwaka 1951 zilielezwa habari za panya waliokuwa wakiyumbayumba, na baadaye matabaka yao yalionekana kuvurugika. Mwaka 1995 ilipatikana jeni iliyoharibika kwao: hiyo ndiyo inayoagiza kutengenezwa kwa protini iitwayo rilini. Na seli zinazotoa protini hiyo ubongo unapojengwa ni zile zile alizozichora Cajal. Ikikosekana, neva changa hazijui mahali pa kukaa.

Cajal alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Michoro yake ingali inachapwa katika vitabu vya elimu ya ubongo. Alichora kwa uaminifu hata kile ambacho hakukielewa, na kwa sababu hiyo waliokuja baada yake walipata pa kuanzia.