Karamojo Bell: muwindaji wa tembo aliyechagua bunduki ndogo

Huku Kadutu, hata mtoto wa shule anaweza kukuambia kama mlio aliousikia usiku ni wa kalash ao ni wa silaha nzito. Vita vilitufundisha ile somo bila sisi kuomba. Lakini wachache wanajua kama, zaidi ya miaka mia iliyopita, mashariki ya inchi yetu ilipitiwa na mzungu aliyepata jina kubwa kwa kuua tembo na masasi membamba kuliko ya kalash. Jina lake ni Walter Bell. Watu walimwita Karamojo.

Bell alizaliwa mwaka 1880 huko Scotland, karibu na mji wa Edinburgh, mu familia ya watu wenye mali. Wazazi wake walikufa angali mtoto, akalelewa na kaka zake. Masomo hayakumpendeza. Angali kijana alifika Afrika ya mashariki, wakati reli ya kuelekea Uganda inajengwa, akapewa kazi ya kuua simba waliosumbua wafanyakazi. Kisha alienda kutafuta pesa Klondike, kule Kanada, kwenye watu walikimbilia dhahabu, na akapigana vita vya Boer Afrika ya Kusini. Mwaka 1902 hivi, alirudi na kuingia Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Ndiko jina lake lilitoka.

Juu ya nini bunduki ndogo?

Ile wakati wawindaji wa tembo walibeba bunduki kubwa sana. Zingine zilikuwa na uzito wa kilo 7, na risasi yake ilikuwa na upana wa milimita 15. Zilipiga bega la mwenyewe sawa mateke ya punda. Bell alizijaribu, akaona hazimfai. Yeye alipenda Rigby ya milimita 7, nyepesi, iliyojengwa kwa mashini ya Mauser.

Siri haikuwa nguvu. Risasi yake ilikuwa ndefu, nzito kwa upana wake, yenye kichwa cha mviringo na ngozi ngumu ya chuma. Haikupasuka wala kujikunja. Ilipita moja kwa moja ndani ya mfupa. Lakini hata risasi nzuri ni bure kama mtu hajui anapiga wapi. Basi Bell alikata kichwa cha tembo kwa msumeno, akakichunguza na kukichora, mpaka akajua ubongo uko wapi kwa kila upande. Alizoea pia kulenga kila siku na bunduki isiyo na risasi.

Jambo lingine lilikuwa masasi yenyewe. Risasi moja ni vitu vine: ganda, baruti, kile kifuniko kidogo kinachowasha moto, na kichwa kinachoruka. Kimoja kikiharibika kwenye joto na unyevu wa pori, unabaki mbele ya tembo na chuma tupu mkononi. Bell alipata shida na masasi ya bunduki zingine alizozijaribu. Yale ya milimita 7, yaliyotoka kiwanda cha DWM cha Ujerumani, hayakumwangusha. Tena yalikuwa mepesi na bei yake ndogo: mpagazi mmoja aliweza kubeba mengi.

Kuvuka upande wetu

Kutoka Karamoja, Bell alienda Lado, ngambo ya magharibi ya mto Nile, kuanzia Mahagi, leo mu Ituri, kupanda mpaka Sudani. Ile eneo lilikuwa mkononi mwa mfalme Leopold II kwa mkataba. Leopold alipokufa Desemba 1909, mkataba ulisema eneo lirudishwe kwa Waingereza mu muda wa miezi sita. Wakubwa wa zamani wakajitayarisha kuondoka, wapya hawajafika. Wawindaji wakamiminika kutoka kila upande, na pembe zikatoka kwa wingi.

Hesabu ya Bell mu maisha yake yote ni tembo 1.011. Alipata utajiri, akaendesha ndege mu vita ya kwanza ya dunia, akaandika vitabu, akafa Scotland mwaka 1954. Wafuata-nyayo kama Pyjalé wa Karamoja, waliomwonyesha njia, ao wapagazi waliobeba pembe, hawakupata sehemu kubwa ya zile mali.

Wapenda bunduki wangali wanamtaja kama shahidi kwamba ufundi unashinda ukubwa. Ni kweli. Lakini ufundi ule ule ndio ulifanya tembo wengi waanguke kwa mtu mmoja. Na Lado inatuonyesha jambo lingine: serikali ikikosekana hata miezi michache tu, mwenye bunduki ndiye anakuwa sheria. Sisi tuliiona kwenye Kahuzi-Biega, parke iliyoundwa mwaka 1970. Tembo wa sehemu ya milima, ile iliyo karibu na Bukavu, walimalizwa karibu wote wakati wa vita, na mwaka 1997 UNESCO iliiweka parke kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wale waliopiga hawakuhitaji kukata kichwa cha tembo na kukisoma. Walikuwa na kalash, na hakuna aliyewauliza.