Maisha ya Bibi Lillian Wald, Aliyewapeleka Wauguzi Majumbani

 

Baadhi ya wazazi wa wanafunzi wangu wameniuliza habari za kazi ya uuguzi wa kuzunguka majumbani na maskulini, kwani mabinti zao wataka kuisomea na wao wasita. Nikaona ni bora kuwaeleza kwanza maisha ya mwanamke aliyeiwekea kazi hiyo misingi huko Marekani, ndipo kila mtu aamue akiwa na ilimu.

Lillian Wald alizaliwa Cincinnati tarehe 10 Machi 1867, katika nyumba ya Mayahudi wenye asili ya Ulaya, watu wa neema, akakulia Rochester. Hakuwa na haja ya kutafuta riziki. Lakini alipomwona muuguzi aliyemhudumia dada yake, moyo wake ukavutwa. Mwaka 1889 akaingia skuli ya wauguzi ya New York Hospital, akahitimu mwaka 1891, kisha akaanza kusomea udaktari.

Mwaka 1893 alikuwa akiwafundisha wanawake wahajiri namna ya kuuguza nyumbani, katika mtaa wa mafakiri wa New York uitwao Lower East Side. Siku moja mtoto wa kike akamjia darasani, akamwomba amfuate kwa mama yake. Wakapita vichochoro vya taka, wakapanda ngazi chafu, hata wakafika vyumba viwili walimolala watu saba pamoja na wapangaji wao. Mama alikuwa amejifungua tangu siku mbili, naye yu juu ya kitanda chenye damu iliyokauka. Lillian akamwosha, akasafisha chumba, akamtunza mtoto. Tangu siku hiyo hakurudi tena katika masomo ya udaktari. Yeye na mwenziwe Mary Brewster wakahamia mtaani humo humo, na mwaka 1895 tajiri mmoja, Jacob Schiff, akawapatia nyumba nambari 265 ya Henry Street.

Utaratibu wao ulikuwa huu: mtu yeyote aliweza kumwita muuguzi, bila kungoja daktari amtume. Mwenye uwezo alitoa senti chache, ili asijione anapewa sadaka. Asiye nacho hakudaiwa. Muuguzi alimwogesha mgonjwa, akamfunza mama kutunza maziwa ya mtoto yasiharibike, akatazama pia kama baba ana kazi na kama chumba chapata hewa. Lillian ndiye aliyeupa uuguzi huu jina la uuguzi wa afya ya umma. Mwaka 1906 akamwajiri Elizabeth Tyler, mwanamke mweusi, awahudumie watu weusi wa mji ule. Hata ilipofika mwaka 1913 wauguzi wake walikuwa 92.

Zingatieni, enyi wazazi: kazi hii sehemu yake kubwa ni mwanamke kuingia kwa mwanamke mwenziwe. Mume ambaye mkewe ameshikwa na uchungu usiku humtaka mkunga mwanamke. Naye atatoka wapi, ikiwa kila baba amemzuia bintiye?

Jambo lililonigusa mimi zaidi ni la maskuli. Siku zile madaktari wa mji waliwakagua watoto, na mwenye choa, chawa au trakoma ya macho akarudishwa kwao. Hakuna aliyemtibu, akakaa njiani akicheza na wenziwe wale wale, na masomo yakampita. Mwaka 1902 Lillian akamtoa muuguzi wake Lina Rogers kwa mwezi mmoja, katika skuli nne zenye wanafunzi 10,000 hivi. Rogers aliwatibu papo hapo skulini, na jioni akawafuata mama zao majumbani. Watoto waliorudishwa nyumbani Septemba 1902 walizidi 10,000. Septemba 1903 walikuwa kama 1,100. Mji ukaajiri wauguzi wengine kwa fedha ya serikali. Nami nakiri ya kuwa nimewarudisha vijana wenye upele kutoka chuoni mwangu miaka mingi, wala sikuuliza hata mara moja nani atawatibu.

Mwaka 1909 aliishawishi kampuni ya bima ya Metropolitan Life iwalipie wateja wake wagonjwa muuguzi wa kuwazuru. Tena alikuwa akisema tangu mwaka 1903 ya kuwa serikali inayotuma mawaziri kuchunguza wadudu wa pamba haina budi kuchunguza pia vifo vya watoto. Mwaka 1912 Rais Taft akatia sahihi sheria ya kuanzisha Idara ya Watoto. Mwaka huo huo akawa rais wa kwanza wa chama cha wauguzi wa afya ya umma wa nchi nzima.

Alipovipinga vita vilivyoanza mwaka 1914, baadhi ya matajiri walimnyima michango yao. Hakubadili kauli.

Maradhi yalimlazimisha kustaafu mwaka 1933, akafa Westport tarehe 1 Septemba 1940. Mwaka 1944 kazi ya wauguzi ilitengwa ikawa shirika lake mbali, na nyumba ya Henry Street ingali yahudumia watu wa mtaa ule.