Karani wa Tanga na Flashi Yangu ya Makambako

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri. Nasoma ualimu, niko mwaka wa tatu, na hadi mwaka jana nilikuwa sijui kutunza faili. Kuchati najua, kusaka madesa najua, slaidi za kuremba ndiyo usiseme. Lakini kuandika kazi, kuipa jina linaloeleweka, kuiweka mahali pake na kuituma ikafika? Sijui. Aliyenifundisha ni karani mmoja aliyefariki mwaka 1962, kabla barua pepe haijajulikana kokote. Jina lake unalifahamu tangu sekondari: Shaaban Robert.

Ilikuwa wakati wa BTP. Nilipangiwa shule moja ya sekondari Njombe, katika ile baridi ya mwezi wa saba ambayo hata kushika chaki ni kazi. Nyumbani kwetu ni Makambako, kilomita kama 60, kwa hiyo wikiendi nilikuwa napanda gari narudi kula ugali wa mama. Darasani nilikuwa na kidato cha tatu, mada ya uandishi wa barua. Kwenye begi nilikuwa na kitabu cha barua za Shaaban Robert nilichoazima maktaba ya chuo. Kusema kweli nilikibeba ili nionekane nimejiandaa. Sikuwa nimekifungua.

Wiki ya tano msimamizi wangu akataka maandalio yote ya masomo pamoja na taarifa ya mazoezi, kwa barua pepe, mwisho Ijumaa. Nikatuma Alhamisi usiku, nikalala usingizi wa mwenye haki. Jumamosi nikaingia steshenari moja Makambako kuprinti nakala ya mkuu wa shule. Kuchomeka flashi, folda zote zimegeuka njia za mkato. Ukibofya hakuna kitu. Virusi. Kijana wa pale akauliza aisafishe, nikamwambia safisha. Akaifomati. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba virusi wa aina ile mara nyingi huyaficha tu mafaili, hawayafuti. Yangekuwa bado yamo. Aliyeruhusu yafutwe ni mimi.

Bado sikuogopa, maana nakala ilikuwa kwenye barua pepe. Nikafungua niliyomtumia msimamizi. Salamu ipo, maneno matamu ya kumwomba apokee kiambatisho yapo, kiambatisho chenyewe hakipo. Na laptopu nilikuwa naazima ya mwenzangu, kila kitu nikikisevu moja kwa moja kwenye flashi. Wiki tano zimekwenda hivyo, na sapu ya BTP naiona inakuja. Ukifeli BTP unarudia mwaka ujao, kwa nauli na chakula cha mfukoni mwako.

Usiku ule umeme ulikatika. Kwa kukosa la kufanya nikawasha tochi ya simu nikafungua kile kitabu.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, Machui, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na mwaka huohuo aliomaliza akaajiriwa kuwa karani wa forodha katika serikali ya Waingereza. Sisi tunamjua kwa Kusadikika na Adili na Nduguze, tunamwita Shakespeare wa Kiswahili, kisha tunasahau kwamba aliishi kwa mshahara wa ofisini. Forodhani alikaa miaka 18, akihamishwa kituo hadi kituo, Pangani ikiwa mojawapo. Mwaka 1944 akahamia Mpwapwa, idara ya mifugo. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 akawa ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Piga hesabu: miaka 34 ya kushika karatasi za watu wengine.

Hebu mfikirie karani wa zama zile. Barua ikiingia inapita masijala, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba na kuwekwa kwenye jalada lake. Inayotoka inabeba Kumb. Na. juu, tarehe, na YAH. ya kueleza inahusu nini. Ikipigwa chapa, karatasi ya kaboni inalala katikati ili nakala ibaki ofisini. Bosi akiuliza barua ya mwaka jana, karani hasemi imepotelea kwenye flashi. Anakwenda kwenye jalada.

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni siku tatu nyuma, nikiwafundisha watoto barua rasmi! Na yote yamo kwenye barua pepe. Ile nafasi ya kichwa cha habari ambayo tunaiacha tupu ndiyo YAH. Zile herufi Cc ni kumbukumbu ya karatasi ya kaboni, nakala kwa mtu mwingine. Folda ni jalada. Jina la faili ndiyo Kumb. Na. yako. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao, akachagua ile alama ya @ kutenganisha jina la mtu na mashine yake, alirahisisha safari ya barua. Utaratibu wa kuitunza ulikuwapo zamani, mikononi mwa makarani.

Lakini maisha yake hayakuwa ofisi tu. Alifiwa na mke wake wa kwanza, Amina, akabaki na watoto. Kwa ajili ya binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, ili nasaha zake wabaki nazo hata yeye asipokuwapo. Kuanzia 1931 hadi 1958 alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, habari za nyumbani na za kazi yake ya uandishi. Miaka 27. Angekuwa ndugu mwingine angezisoma na kuzitupa, au zingefungiwa vitumbua. Yusuf alizitunza. Miongo kadhaa baada ya kifo cha mwandishi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazitoa kitabu, na ndicho nilichokuwa nakisoma kwa tochi.

Vitabu vyake navyo vilipita njia hiyohiyo. Kusadikika kilitoka 1951, akiwa hai. Lakini alipofariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na miaka 53, na kuzikwa Machui, kazi nyingine zilikuwa bado ni miswada. Kufikirika kilichapishwa baada ya kifo chake. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968, miaka sita mwenyewe yuko kaburini. Miswada ile ingekuwa imetupwa kama nilivyotupa mimi wiki tano zangu, leo tusingekuwa na cha kusoma wala cha kujibia mtihani.

Nikajitazama. Nina barua pepe tangu kidato cha sita, nina miaka mitatu chuoni, na nikiulizwa kazi yangu ya mwaka wa kwanza iko wapi, sijui. Yawezekana iko kwenye simu niliyouza.

Kesho yake nilianza upya. Maandalio niliyatoa kwenye daftari la rasimu na madaftari ya wanafunzi, nikaandika usiku nne. Safari hii kikarani. Folda moja ya BTP, ndani yake folda za wiki. Kila faili na jina lake: Andalio_Barua_Rasmi_K3_Wiki2, si Document1, wala Final_mpya_kabisa. Nikimaliza, nakala moja kwenye laptopu, nyingine najitumia mwenyewe kwa barua pepe. Flashi ni ya kubebea mzigo, si ya kuhifadhia. Wakati wa kutuma naambatisha faili kwanza, naandika kichwa cha habari na maelezo mafupi, anwani ya mpokeaji naiweka mwisho kabisa, ili hata nikibofya kwa bahati mbaya isiende barua tupu. Nikishatuma nafungua zilizotumwa, nafungua na kiambatisho chenyewe. Ikiwa na picha nyingi naangalia uzito, maana Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi MB 25.

Msimamizi alijibu kwamba imefika. Alinikata alama za kuchelewa, na ni haki yake. Sapu nikaikwepa.

Wiki ya mwisho nilirudi kwa wale kidato cha tatu. Kompyuta zilikuwa chache kuliko watoto, umeme nao wa kubahatisha, kwa hiyo nikanunua majalada ya manila. Kila kundi likapewa barua 20 za kubuni na dakika kumi za kuzipanga. Kisha nasimama mbele kama bosi, nadai barua fulani. Kundi la kwanza lilihangaika hadi nikacheka. La mwisho liliitoa kabla sijamaliza sentensi. Siku umeme uliporudi tukafungua kompyuta, nikawaambia hili ndilo jalada lile lile. Hakuna aliyeuliza folda ni nini.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akataka kujua, majalada haya yakiungua, nakala zake ziko wapi. Nilitamani angekuwepo pale steshenari ile Jumamosi. Wenzangu mnaoandika tafiti muhula huu, namwachia yeye awaulize ninyi pia.