Ramanujan na namba ya teksi

Katika kitongoji cha Putney, kusini-magharibi mwa London, mgonjwa kutoka India aliipa namba 1729 umaarufu ambao haujafifia kwa zaidi ya karne moja.

Mgonjwa huyo ni Srinivasa Ramanujan, aliyezaliwa Disemba mwaka 1887 mjini Erode, kusini mwa India. Hisabati ilimteka mno hata akayapuuza masomo mengine, akaanguka mitihani ya chuo na kubaki bila shahada. Mwaka 1912 aliajiriwa karani katika bandari ya Madras, mji uitwao leo Chennai, kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi.

Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akiambatanisha kanuni alizozivumbua mwenyewe. Hardy alitambua kwamba hiyo haikuwa kazi ya mlaghai, na Aprili 1914 karani huyo akawasili Uingereza.

Miezi michache baadaye vita vikuu vilizuka. Ramanujan hakula nyama, na chakula alichokizoea kikawa adimu. Mwaka 1917 aliugua, akawa mtu wa kuhamishwa kutoka nyumba moja ya wagonjwa hadi nyingine.

Hardy alipokwenda Putney kumjulia hali, alisema teksi iliyomleta ilikuwa na namba 1729, ambayo yeye aliiona haina mvuto. Mgonjwa alimpinga papo hapo: hiyo ni namba ndogo kuliko zote zinazopatikana kwa njia mbili kwa kujumlisha vipeo vya tatu viwili vya namba kamili chanya.

Hesabu yake ni nyepesi. 12×12×12 ni 1,728, ongeza 1. Au 10×10×10, yaani 1,000, ujumlishe na 9×9×9, yaani 729.

Wengi husimulia kisa hiki kama muujiza. Haukuwa muujiza: jumla hizo zilikuwamo tayari katika madaftari yake, na Mfaransa Frénicle de Bessy alikwisha kuziona mwaka 1657.

Namba hiyo ina hila nyingine. Ni zao la 7, 13 na 19, lakini hupita jaribio mashuhuri la Fermat la kutambua namba tasa, kana kwamba nayo ni tasa. Ni ya tatu kwa udogo katika kundi hilo, baada ya 561 na 1105.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa kanuni aliyoitoa na Hardy mwaka 1918, ya kukadiria idadi ya njia za kuigawa namba katika mafungu. Namba 4 ina njia 5. Namba 200 ina njia 3,972,999,029,388. Percy MacMahon alizikokotoa kwa mkono, na kanuni ikaafikiana naye.

Mwaka huohuo Ramanujan akawa Mhindi wa pili kuchaguliwa katika Royal Society ya London.

Alirejea India mwaka 1919, akafariki Aprili 26, 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Hadi mwisho alikuwa akiandika. Karatasi zake za mwaka huo, zaidi ya kurasa 100, zilikutwa mwaka 1976 katika maktaba ya chuo cha Trinity, Cambridge.